Mwongozo Kamili: Kutambua na Kupunguza Vihatarishi vya Maradhi ya Misuli na Viungo kwa Wafanyakazi wa Viwanda vya Nguo

Ukiingia katika ukumbi wa ushonaji wa kiwanda cha nguo, kabla hujamuuliza mtu swali lolote, tazama viti. Utaona kanga iliyokunjwa mara nne juu ya kiti cha huyu, kipande cha sponji kilichofungwa kwa uzi kwenye kiti cha yule, katoni iliyobanwa chini ya mguu wa kushoto wa mwingine, na jirani yake amezungushia plasta kidole gumba cha mkono unaoshika mkasi. Hakuna aliyewafundisha. Kila kimoja ni jibu la mfanyakazi kwa kitu kinachomuumiza, na kwa mkaguzi mwenye macho ni taarifa inayoshinda fomu nyingi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwakilishi wa usalama na afya, msimamizi wa laini, ofisa rasilimali watu, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi na mwenye karakana ndogo yenye cherehani nane au kumi, yaani watu wanaoweza kufanya tathmini ya awali wenyewe kwa futi ya fundi, simu yenye kamera, saa na daftari. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mkao mbaya wa mshonaji, kwa sehemu kubwa, si tabia yake bali ni matokeo ya vipimo vya meza, kanyagio, mwanga na kasi aliyopangiwa, na kumwambia "kaa vizuri" bila kugusa vipimo hivyo ni kupoteza pumzi.

Elewa kwanza unachokitafuta

Maradhi ya misuli na viungo yatokanayo na kazi ni jina la jumla la madhara yanayoipata misuli, kano, gegedu, viungo na mishipa ya fahamu kwa sababu ya namna kazi inavyofanyika. Hayafanani na ajali. Mtu aliyekatwa na kisu cha mashine ya kukatia vitambaa anajua saa aliyoumia. Aliyeharibika bega hawezi kukutajia siku, kwa kuwa bega hilo limeharibika kidogo kidogo kwa miaka. Katika kazi za nguo yanayokutwa zaidi ni maumivu ya shingo na mabega, ya sehemu ya chini ya mgongo, ya kifundo cha mkono na vidole, kisha ya magoti na nyayo. Mengine yana sura inayotambulika hospitalini: kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya kifundo cha mkono, ambapo mtu huamka usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vikiwa vimekufa ganzi, kuvimba kwa ala za kano upande wa kidole gumba, jambo linaloweza kumpata anayekata nyuzi kwa mkasi siku nzima, na kidole kinachokwama kila kinapokunjwa. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, imeyapa maradhi haya kundi lake, kwa hiyo msimamizi anayesema kwamba mkono unaouma si ugonjwa wa kazi amepitwa na wakati.

Namna yanavyoingia si ya siri. Msuli uliokazwa bila kulegezwa huibana mishipa yake midogo ya damu, damu hupungua, taka za mwilini hujikusanya, na msuli huanza kuchoka hata kama nguvu inayotumika ni ndogo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikisimama sawasawa juu ya shingo, uzito huo hubebwa zaidi na mifupa; kikiinamishwa mbele kuitazama sindano, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia, na huendelea kukizuia saa baada ya saa. Mshonaji hakunyanyua kitu chochote kizito, lakini jioni shingo yake imefanya kazi ya hamali.

Vihatarishi vikubwa vya kimwili ni sita: nguvu inayotumika, mkao usio wa kawaida wa mwili, kurudiarudia mwendo uleule, kukaa katika mkao mmoja bila kusogea, kugandamizwa na kitu kigumu au chenye ncha, na mtetemo. Ukikariri orodha hiyo na kuishia hapo hutafika mbali, maana mara nyingi kinachomuumiza mtu ni muungano wa vihatarishi viwili au vitatu vilivyomkuta pamoja. Kukata uzi mara moja kwa mkasi butu si kitu. Kukata mara elfu kwa mkasi butu, kifundo cha mkono kikiwa kimepinda, ni jambo jingine kabisa.

Mzunguko mmoja wa mshonaji, ukitazamwa kwa karibu

Chukua mfano wa mshonaji anayeunga pembeni mwa suruali. Mkono wa kushoto unakwenda kwenye fungu lililowekwa pembeni na kuchukua kipande cha mbele. Wa kulia unachukua cha nyuma. Vipande vinakutanishwa ukingo kwa ukingo. Goti la kulia linasukuma kinyanyuzi ili mguu wa cherehani uinuke. Kitambaa kinaingia, goti linaachia, ncha ya mguu wa kulia inakanyaga, mikono yote miwili inakiongoza kitambaa huku viwiko vikiwa hewani. Kisigino kinarudi nyuma kukata uzi, kiwiliwili kinapinda, na suruali inatupwa juu ya rundo. Kama mzunguko huu unachukua sekunde 30, basi kwa saa 8 za kushona ni mizunguko 960, na kama kiwiliwili kinapinda mara mbili kwa kila mzunguko, mgongo umepinda mara 1,920 kabla ya kengele ya jioni. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa ergonomia, yaani taaluma ya kulinganisha kazi na mwili wa mtu, ni kwamba kazi huhesabiwa kuwa ya kujirudiarudia mno ikiwa mzunguko wake uko chini ya sekunde 30, au ikiwa mwendo uleule unachukua zaidi ya nusu ya mzunguko.

Angalia pia kile kisichosogea. Mguu wa kulia umefungwa: wayo uko kwenye kanyagio na goti liko jirani na kinyanyuzi, hivyo mshonaji hawezi kubadili mkao wa nyonga hata akitaka. Fundi wa barazani mwenye cherehani ya miguu angalau hukanyaga kwa nyayo zote mbili, na husimama kila anapokuja mteja wa kupimwa. Wa kiwandani hana mteja wa kumwinua kitini. Macho nayo yako kwenye sindano, na mahali macho yalipo ndipo kichwa kinapofuata. Kwa hiyo meza ikiwa chini au mwanga ukiwa hafifu, shingo itainama, na hakuna bango la ukutani litakaloinyanyua.

Sehemu nyingine za kiwanda zina madhara ya namna yake. Katika vinu vya kuchambulia pamba, kama vilivyoko Shinyanga na Simiyu, hatari kubwa ni uzito: magunia ya pamba mbegu na marobota yanayosukumwa, kuviringishwa na kupangwa. Kwenye usokotaji, mhudumu hutembea umbali mrefu kati ya mitambo juu ya sakafu ngumu, huinua mikono juu ya mabega kubadilisha vibonge vya nyuzi, kisha huinama kuunga uzi uliokatika kwa ncha za vidole. Mfumaji huegemea juu ya mtambo kutafuta uzi wa mtande uliokatika, akiwa amenyoosha mikono mbele na tumbo limegandamizwa kwenye ukingo wa chuma. Kwenye upakaji rangi, kitambaa kilicholowa huwa kizito kuliko kinavyoonekana na sakafu inateleza, hivyo misuli hukazwa maradufu, mara moja kwa mzigo na mara ya pili kwa kuogopa kuanguka. Mkataji hujinyoosha hadi katikati ya meza pana. Mpiga pasi husimama siku nzima akisukuma pasi nzito kwenye ubao usiolingana na kimo chake. Mfungashaji hupinda kiuno kutoka mezani hadi kwenye katoni iliyo sakafuni.

Hivi vyote vinaonekana kwa macho. Visivyoonekana ni lengo la siku, lile ambalo kwenye laini huitwa tageti, malipo kwa kipande, mkataba wa muda mfupi unaomfanya kibarua aogope kusema anaumwa, na ruhusa ya kwenda msalani inayoombwa kama fadhila. Mtu anayefukuzia tageti hukaza mabega bila kujua na huruka mapumziko yake mwenyewe. Tena, wengi kwenye laini za ushonaji ni wanawake, ambao baada ya zamu huenda kuteka maji, kubeba mtoto na kufua. Mwajiri hupenda kuyataja haya ili ajitoe lawamani. Kimsingi yanapaswa kumsukuma upande wa pili, kwa sababu mwili usiopata nafasi ya kupumzika nyumbani unahitaji zaidi kazi isiyouvunja.

Hatua ya 1: Andaa uwanja kabla ya kuuliza

Kubaliana na uongozi, kwa maandishi, kwamba hakuna atakayehamishwa, kupunguziwa malipo au kunyimwa mkataba kwa sababu ametaja maumivu. Bila ahadi hiyo utapata karatasi safi zenye watu wote wazima, na utaamini uongo. Kisha andika orodha ya kazi halisi zinazofanyika. Usitegemee vyeo: "mshonaji" ni cheo, lakini kutia zipu, kuunga kola na kupinda ukingo wa chini ni kazi tatu zenye mienendo mitatu tofauti. Wakaribishe kwenye timu mshonaji mmoja mwenye miaka mingi kazini na fundi mitambo, kwa kuwa huyu wa pili ndiye atakayekuambia meza ipi inaweza kuinuliwa na ipi imechomelewa.

Hatua ya 2: Uliza kwa picha, si kwa maneno matupu

Dodoso linalotumika sana duniani kwa kazi hii ni lile la nchi za Skandinavia lililochapishwa mwaka 1987, ambalo linaugawa mwili katika sehemu tisa: shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono pamoja na viganja, mgongo wa juu, mgongo wa chini, nyonga na mapaja, magoti, na vifundo vya miguu pamoja na nyayo. Kwa kila sehemu huulizwa kama mtu amepata maumivu katika miezi 12 iliyopita, kama yamewahi kumzuia kufanya shughuli zake, na kama yapo katika siku 7 zilizopita.

Kwa Kiswahili dodoso hili lina mtego ambao wafasiri wengi hawauoni. Mkono kwetu ni kuanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu ni kuanzia pajani hadi wayo. Mtu akisema mkono unamuuma hujapata jibu. Mgongo nao ni mrefu, na kiuno kwa mmoja ni nyuma, kwa mwingine ni ubavuni. Kwa hiyo chora mwili wa mtu kwa nyuma na kwa mbele, umwombe atie alama ya kalamu panapouma. Usiulize "maumivu" pekee, kwa maana wengi huliweka neno hilo kwa ajili ya jambo la kulazwa. Uliza kuhusu kuchoka kusikoisha hata baada ya kulala, kuvuta, kuwaka moto, ganzi, na kudondosha vitu. Mama aliyekujibu kwamba haumwi popote anaweza kukueleza dakika moja baadaye kwamba siku hizi kikombe cha chai humponyoka asubuhi.

Dodoso lisiwe na jina. Liwe na kazi, muda aliokaa kwenye kazi hiyo, na mkono anaoutumia zaidi. Kusanya alama zote kwenye mchoro mmoja kwa kila kazi. Alama zikisongamana mahali pamoja kwa watu wa kazi moja, huku walio kwenye kazi nyingine hawana, huna sababu ya kulaumu umri wala uzito wa mtu.

Hatua ya 3: Tazama na urekodi

Omba ridhaa, kisha rekodi kwa simu mizunguko kumi ya kila kazi, ukisimama ubavuni mwa mfanyakazi na simu ikiwa usawa wa bega lake. Rekodi asubuhi, na urudi saa ya mwisho ya zamu, kwa sababu mkao wa saa mbili asubuhi na wa saa kumi na moja jioni hufanana mara chache. Baadaye simamisha picha pale anapokuwa ameinama zaidi, uangalie pembe za shingo, kiwiliwili, bega, kiwiko na kifundo cha mkono.

Ukitaka alama za kulinganisha, tumia mbinu ya RULA, yaani tathmini ya haraka ya mikono, mabega na shingo, ambayo McAtamney na Corlett waliichapisha mwaka 1993. Nina upendeleo nayo kwa sababu mwanzoni ilijengwa kwa kutazama kazi za kutengeneza nguo: kukata, kushona, kukagua na kufungasha. Fomu yake ni ya ukurasa mmoja na hutoa alama kutoka 1 hadi 7. Alama 1 na 2 zinavumilika ikiwa mkao haukai muda mrefu. 3 na 4 zinataka uchunguzi zaidi. 5 na 6 zinataka mabadiliko ya karibuni. 7 inataka mabadiliko sasa hivi. Mbinu hii hupima mkao wa nukta moja ya wakati, kwa hiyo usiitumie bila kuhesabu marudio na saa.

Katika kutazama huko, orodhesha pia marekebisho ya kienyeji niliyoyataja mwanzoni. Kanga kitini maana yake kiti ni kigumu au kimeshuka. Katoni chini ya mguu wa kushoto maana yake kiti kiko juu kuliko urefu wa miguu. Sponji kwenye kinyanyuzi cha goti ni dalili ya kugandamizwa, na plasta kidoleni ni mkasi mbaya.

Hatua ya 4: Pima

Vipimo vitano vinatosha kuanzia. Pima urefu kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko cha mtu akiwa ameketi na mikono imeshuka. Urefu wa uso wa meza. Urefu wa kiti. Urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake. Na umbali kutoka ukingo wa mbele wa meza hadi katikati ya kanyagio. Andika vipimo vya kila mtu na kila kituo. Jioni utakuwa na jedwali linaloonyesha jambo ambalo viwanda vingi hulishangaa: meza zote zina kimo kimoja, ilhali viwiko vya watu vinapishana kwa sentimita nyingi.

Wengi huchukua kanuni ya ofisini inayosema meza iwe sawa na kiwiko. Kwa kushona kanuni hiyo haifai, kwa maana mshonaji hafanyi kazi kwa mikono pekee bali pia kwa macho. Tafiti za vituo vya kushonea zimependekeza uso wa meza uwe sentimita 5 hadi 15 juu ya kiwiko, na uinamishwe kumwelekea mshonaji kwa nyuzi 10 hivi, ili sindano imfuate mtu badala ya mtu kuifuata sindano. Ukizidisha, mabega yatapanda na utakuwa umehamisha ugonjwa kutoka shingoni kwenda begani. Kwa hiyo anza na kiwango cha chini na umsikilize anayekaa hapo.

Hatua ya 5: Chagua pa kuanzia

Usijaribu kurekebisha kiwanda kizima. Weka pamoja mchoro wa maumivu, alama za RULA na idadi ya watu wanaofanya kazi hiyo, kisha chagua kazi mbili. Mimi huanza na ile ambayo watu huomba kuhamishwa kutoka kwayo. Msimamizi huijua hata kabla ya hesabu, na mabadiliko yake yakionekana, laini nyingine zitakuita zenyewe.

Hatua ya 6: Rekebisha kituo cha kazi

Anza na meza. Meza nyingi za cherehani za viwandani zina miguu yenye matundu ya kupandishia, iliyokazwa siku ya kufungwa na isiyoguswa tena. Kwa kuinamisha, meza yenye kina cha sentimita 55 itahitaji kuinuliwa nyuma karibu sentimita 10 ili kupata nyuzi 10. Fundi mitambo athibitishe kwanza, kwa sababu cherehani yenye bakuli la mafuta inaweza kuvuja au kukosa ulainishaji ikiinamishwa, na meza iliyoegeshwa juu ya vipande vya mbao visivyofungwa ni ajali inayosubiri.

Kanyagio kisogezwe hadi katikati yake iwe usawa wa sindano, na kimsogelee mtu hadi goti lisilazimike kunyooka. Punguza ugumu wa springi yake. Kinyanyuzi cha goti kifungwe karibu na goti ili lisukume kidogo tu, na kivikwe kitu laini. Taa ndogo karibu na sindano hugharimu kidogo kuliko dawa za mwezi mmoja, nayo huinua shingo zaidi ya kiti cha bei kubwa.

Mafungu ya vipande yatoke sakafuni. Yawekwe kwenye benchi au toroli iliyo usawa wa meza, mbele na upande wa mkono unaochukua, na kazi iliyokwisha iteleze kwenye ubao ulioinama badala ya kutupwa nyuma kwa kupinda kiuno. Magurudumu ya toroli yasafishwe kila wiki: nyuzi zilizokatika hujizungusha kwenye ekseli hadi gurudumu linaburuzika badala ya kuzunguka, na msukumaji hulipia kwa mgongo uchafu ambao mkasi na dakika tano vingeuondoa. Mikasi inolewe kwa ratiba. Ile midogo yenye springi inayojifungua yenyewe huondoa nusu ya kazi ya kidole gumba.

Kwa wanaosimama, weka mkeka mzito wa mpira, kibao cha kuegesha mguu mmoja kwa zamu, na stuli ndefu ya kuegemea. Kwa wanaobeba, fahamu kwamba uzito wa rejea unaotumiwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ni kilo 23, na hiyo ni kwa mzigo ulio karibu na mwili, usawa wa kiuno, bila kupinda na bila kurudia sana. Mzigo huohuo ukiwa sakafuni na mbali na mwili, kikomo hushuka haraka. Robota halina mjadala: linahitaji mashine au mkokoteni.

Kiti nimekiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi hukinunua kwanza na kuona hakuna kilichobadilika. Kiti kizuri kwenye meza mbaya humweka mtu vizuri mbali na kazi yake, naye atakaa ncha ya mbele, mgongo haugusi egemeo. Ukishapanga meza na kanyagio, tafuta kiti kinachopanda na kushuka, chenye egemeo la kiuno na ukingo wa mbele wa mviringo usiokata damu ya mapaja. Mikanda ya kiuno usiitegemee. Haijathibitika kwamba humkinga mtu ambaye hajaumia.

Hatua ya 7: Rekebisha saa na kasi

Kituo kilichorekebishwa hakimsaidii mtu anayekikalia saa 12 kila siku. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Hivyo ni vikomo vya kisheria. Misuli inataka zaidi ya hapo. Mapumziko mafupi ya dakika tatu hadi tano kila saa, watu wakisimama na kutembea, huilegeza shingo kuliko nusu saa iliyorundikwa jioni.

Kubadilishana kazi kunasaidia ikiwa tu kazi mpya inatumia misuli mingine. Kumhamisha mtu kutoka ovaloki kwenda kwenye cherehani ya kawaida ni kumbadilishia jina la kiti. Mpeleke kwenye ukaguzi wa kusimama, kupanga vipande au kufungasha, kwa saa mbili, kisha arudi. Malipo yahesabiwe ili asipoteze kipato kwa kuhama, la sivyo atakataa, na atakuwa na haki. Vilevile tageti ya kazi mpya isiwe kamili tangu siku ya kwanza: mgeni hukaza mwili wote kwa sababu hajajua bado nguvu ipi ni ya lazima, na aliyerudi kutoka likizo ya uzazi au ya ugonjwa yumo katika hali hiyohiyo.

Hatua ya 8: Tengeneza njia ya kutoa taarifa mapema

Maumivu yanayokwisha mtu akilala ni rahisi kuyatibu kwa kubadili kituo. Yanayomwamsha usiku yamekwenda mbali. Kwa hiyo pawepo daftari la mwakilishi wa usalama na afya, na mtu aliyeandikwa aonwe kituoni kwake ndani ya siku chache. Ganzi isiyoisha, mkono unaokosa nguvu, au maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni hadi wayo yapelekwe hospitali bila kusubiri. Na maumivu ya mgongo yakiandamana na kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kumeza diklofenaki kila asubuhi ili kumaliza zamu ni desturi niliyoikuta mahali pengi mno: dawa huzima kengele huku moto ukiendelea, na kwa muda mrefu hudhuru tumbo na figo.

Andika kumbukumbu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa fidia hutegemea kuunganisha ugonjwa na kazi. Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapima wafanyakazi afya, na matokeo ya kipimo cha kuanzia kazi ndiyo yatakayoonyesha kwamba mtu aliingia akiwa mzima. Madai hupelekwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Kenya, madai huongozwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, na sheria yao ya usalama na afya kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri ahakikishe kituo na kazi vyote viwili vinalinganishwa na mfanyakazi. Soma mpangilio wa maneno hayo: kazi ndiyo inayolinganishwa na mtu.

Hatua ya 9: Rudi upime tena

Baada ya miezi mitatu rudia dodoso lilelile, kwa kazi zilezile, na urekodi mizunguko kumi kutoka pembe ileile uliyosimama mwanzo. Linganisha maumivu ya siku 7 zilizopita na usiyahukumu mabadiliko kwa yale ya miezi 12, kwa maana kipindi hicho bado kina siku za meza ya zamani ndani yake. Angalia pia siku za ugonjwa, kazi zilizorudishwa kwa kasoro, na watu walioomba kuhamishwa. Kama shingo zimepona lakini mabega yameanza kuuma, meza imepanda mno. Ishushe sentimita mbili na usubiri wiki mbili. Ukikuta fundi wa zamu ya usiku amezirudisha meza zote kwenye kimo kimoja ili zionekane zimepangika, zipake alama ya rangi kwenye miguu kwa kila mtumiaji, na umfundishe huyo fundi maana yake kabla ya kumgombeza.

Kabla ya kutoka ukumbini, pita tena kati ya viti na uhesabu kanga.